Paka Wawili na Bomba la Punje

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa wanyama ameniambia niandike kila siku paka wamekula nini na wamekulaje, kwa hiyo naandika. Daftari nimelikuta kwenye droo ya mwenzangu. Kurasa tatu za mwanzo zina mwandiko wake: sabuni, betri za redio, kumpigia mama. Sikuzichana. Nimeanzia ya nne.

Paka ni wawili. Dume anaitwa Meneja kwa sababu hafanyi kazi yoyote ila anakagua kila kitu. Jike anaitwa Bibi Harusi kwa vile anatembea polepole, macho chini, na mgeni akibisha hodi anakimbilia chumbani. Majina ni ya mwenzangu, na paka pia ni wake, aliwachukua mwaka juzi alipostaafu kupiga chapa ofisi ya shule. Mimi ni fundi bomba. Kabla ya hapo sikuwahi kumgusa paka ila kwa mguu, kumwondoa njiani.

Mwenzangu aliondoka katikati ya Desemba kwenda kumuuguza mama yake aliyevunjika nyonga. Alisema wiki tatu. Hii ni wiki ya kumi na mbili. Mimi huku nimewalisha kwa njia yangu: asubuhi najaza beseni, natoka, jioni nalikuta tupu, najaza tena. Wiki iliyopita nilimtumia picha yao wamelala kwenye kochi. Akajibu saa ile ile, jambo ambalo halijatokea tangu mwaka uanze: "Umewafanya nini wanangu? Hao ni paka au magunia? Wapeleke kwa daktari."

Basi leo nimewapeleka. Meneja kilo saba na nusu, Bibi Harusi sita kasoro. Daktari ni binti wa umri wa mwanetu aliyeolewa mbali. Akaniuliza, "Mzee wangu, nyumbani mko wangapi?"

"Niko mimi."

"Na hawa kutwa wanafanya nini?"

"Wanalala."

"Basi wanakula kwa sababu hawana kingine cha kufanya."

Nilitaka kumwambia si wao peke yao.

Akanipa mpira wa plastiki wenye tundu. Unatia ndani kile chakula kikavu cha punje, paka akiusukuma unaviringika, punje zinadondoka moja moja. "Wakitafute chakula chao," akasema. "Lakini taratibu, mzee. Nusu kwenye mpira, nusu kwenye sahani, kila paka na sahani yake, mpaka wajue wote wawili. Na kila mmoja umwone kwa macho yako anakula. Paka mnene akikaa siku mbili tatu na njaa anaumwa vibaya." Nikasema nimeelewa.

Jumanne, 5 Machi

Nimeweka mpira katikati ya sebule. Meneja kauzunguka mara moja, kaunusa, kanitazama kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake. Bibi Harusi hakutoka chini ya kitanda mpaka nilipouondoa. Sahani wamezilamba. Mvua zimeanza.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Mpira uko chini ya kabati. Mwenzangu hajapiga simu.

Jumamosi, 9 Machi

Meneja ameukanyaga mpira kwa bahati mbaya akienda kukagua dirisha. Ukabingirika, zikatoka punje tatu. Akasimama. Akazila. Akautazama mpira, akanitazama mimi, akautazama tena mpira, kisha akaupiga kofi. Zikatoka mbili. Mimi hapo nimepiga magoti kwenye sakafu, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, napiga makofi kama niko uwanjani.

Alipoupiga mara ya tatu nilikuwa nimeshatoa simu. Nikamtumia mwenzangu ile video. Hazikupita dakika tano akarudisha ujumbe wa sauti. Anacheka. Anacheka mpaka anakohoa, halafu anasema, "Meneja kapata kazi! Mwambie asichelewe kazini!"

Nimeusikiliza mara sita. Nyuma yake kuna kuku na mtu anafagia. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka sana mwishoni hutoa mlio kama filimbi.

Jumanne, 12 Machi

Meneja anamaliza mpira kwa robo saa, daktari alisema ikiwa hivyo nimwongezee ugumu. Nimechukua kipande cha bomba la plastiki, inchi mbili, urefu wa mkono, nikaziba ncha zote mbili kwa vifuniko, nikatoboa matundu sita, nikalipitisha kwenye waya juu ya vibao viwili ili lizunguke. Kazi safi, hata mteja mkali asingeikataa. Ukiligusa linazunguka, ukibahatisha tundu liko chini, punje inadondoka.

Meneja alihangaika nusu saa, akaling'ata, akalilalia, akaliacha akaenda kulala, akarudi. Saa kumi na moja jioni akajua. Nikamtumia mwenzangu video. Akajibu kwa maandishi: "Hilo bomba umelitengeneza wewe?" Nikajibu ndiyo. Akajibu: "Zuri." Nimekaa na hilo neno jioni nzima.

Bibi Harusi anaangalia kutoka mlangoni. Bado anakula sahani yake.

Ijumaa, 15 Machi

Kazi tatu leo, mifereji ya paa imeziba mtaa mzima. Hajapiga.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nilipiga mimi, nilikuwa na la kumwonyesha: Meneja anatumia miguu yote miwili ya mbele. Simu ikapokewa na mama mkwe. Tukaamkiana, nikamuuliza hali, akasema, "Mimi mzima, mkwe wangu. Subiri nimwite, yuko nje anaanika." Nikamsikia anatembea. Si kwa kuburura. Anatembea, fimbo inagonga sakafu, mlango unafunguliwa, anashuka ngazi mbili, anaita. Sauti imara kabisa.

Mwenzangu akaja, tukazungumza habari za Meneja dakika nne. Sikumuuliza habari ya mama.

Mama anatembea. Sasa huko nani anauguzwa?

Jumanne, 19 Machi

Mvua kutwa.

Alhamisi, 21 Machi

Bomba la kuoshea nywele la Msusi limepasuka. Msusi ana saluni yake chini ya ghorofa yetu, na ananiita shemeji tangu tulipohamia. Nikiwa chini ya sinki akaniuliza, "Shemeji, mwenzio anarudi lini? Kiti chake kinanitazama."

"Kiti gani?"

"Kile cha dirishani. Alikuwa anashuka kila siku saa nne, anakaa pale mpaka saa saba. Hasukwi, haoshwi nywele, anazungumza tu. Kwani wewe hukujua?"

Nikasema najua. Nikakaza nati ambayo ilikuwa imeshakaza.

Miaka miwili. Saa tatu kila siku. Nimejiuliza alikuwa anasema nini mle ndani, na nimeona haya kumuuliza Msusi. Nyumbani jioni tulikuwa tunasema: umeme umerudi, chumvi imekwisha, funga lile dirisha.

Jumapili, 24 Machi

Nimetengeneza la pili na la tatu: moja la kusimama, linalotikiswa, na jingine la mifuniko ambayo paka anainua kwa kucha. Meneja anajua yote. Nimetuma video nne. Mwenzangu kapiga mwenyewe! Kapiga yeye. Alikuwa na furaha, akaniuliza nimetoboaje yale matundu bila kuacha makali, nikamweleza, akasikiliza. Halafu akasema, "Na Bibi Harusi? Video zote ni Meneja tu. Namkumbuka sana yule. Nitumie yeye akicheza, nimwone."

Nikamwambia wiki hii hii atamwona.

Ukweli ni kwamba Bibi Harusi hajagusa hata kimoja. Anasubiri sahani. Na kwa nini asisubiri, ikiwa sahani inakuja?

Jumanne, 26 Machi

Nimeondoa sahani zote mbili. Chakula chote kiko kwenye mabomba. Akisikia njaa atajua. Daktari ni kijana, vijana wana woga.

Jumatano, 27 Machi

Vyombo vyote vitatu vitupu jioni. Wamekula. Bibi Harusi amejificha, lakini ni kawaida yake mvua ikinyesha.

Alhamisi, 28 Machi

Kazi kubwa, tangi la maji la zahanati limetoboka. Nimerudi giza likiingia. Vyombo vitupu. Wamekula. Hajapiga.

Ijumaa, 29 Machi

Vyombo vitupu. Wamekula. Nilitaka kumrekodi Bibi Harusi, hajatokea. Mwenzangu ameandika: "Vipi mwanangu?" Nimejibu: "Yuko vizuri, subiri tu."

Jumamosi, 30 Machi

Nimemkuta asubuhi nyuma ya kabati la nguo, amelalia gauni la mwenzangu lililodondoka huko tangu sijui lini. Nilipomwita hakuinua kichwa. Nikamvuta. Alikuwa mwepesi. Paka wa kilo sita hawi mwepesi hivyo, nikajua kabla sijajua. Nikamgeuza sikio kwenye mwanga wa dirisha na ngozi ya ndani ilikuwa ya manjano kama karatasi ya zamani.

Nimekimbia naye kwenye mvua nimemvika koti langu la kazi. Watu walinipisha njia, nadhani walifikiri ni mtoto.

Daktari alipomwona hakuniamkia. Akamtazama macho, akamtazama fizi, akamminya tumbo. "Lini amekula?"

"Jana jioni."

"Ulimwona?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliviona vyombo. Vyombo vilikuwa vitupu, na Meneja alikuwa anajua vyombo vyote vitatu. Siku nne Meneja amekula cha wawili, na huyu alikuwa nyuma ya kabati anasubiri sahani yake.

"Sikumwona," nikasema.

Hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Akasema paka mnene akikosa kula, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na kulizibia kazi. Kuna wanaopona na kuna wasiopona. Akamtia dripu kwenye mguu wa mbele, wakanyoa manyoya kipande, na ule mguu ulionyolewa ulikuwa mwembamba kama kalamu. Nikakaa kwenye benchi mpaka walipofunga. Nikaambiwa niende, nirudi kesho.

Nyumbani Meneja alinipokea mlangoni, kashiba. Nimemtazama muda mrefu. Hana kosa lolote.

Simu ya mwenzangu imeita mara mbili. Sikupokea.

Jumapili, 31 Machi

Yu hai. Bado hali chakula.

Nimempigia mwenzangu saa tisa mchana. Nilizunguka meza mara nyingi kwanza. Nikamwambia yote, kuanzia sahani nilizoziondoa, na kwa nini niliziondoa. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikaitazama simu nione kama imekatika.

"Siku ngapi hukumwona akila?"

"Nne."

"Na kwenye hilo daftari ulikuwa unaandika nini?"

"Wamekula."

"Kwa sababu ulikuta vyombo vitupu."

"Ndiyo."

Akavuta pumzi. Nilidhani atalia, au atanitukana, na yote mawili nilikuwa nimejiandaa. Akasema taratibu tu, kama anayenielekeza njia: "Fundi, miaka miwili ulikuwa unarudi nyumbani unakuta sufuria zimeoshwa, mashati yamepigwa pasi, unalala ukijua nyumba iko salama. Hukuwahi kuinua macho uone nani hali chakula. Mwaka jana nilipungua kilo nane. Ulijua?"

Nilijua magauni yamekuwa mapana. Niliyaona kwenye kamba. Nilidhani ni sabuni mpya inayalegeza.

"Sikujua," nikasema.

"Meneja ulimpima. Ukaandika."

Tukakaa hivyo, yeye kule na mimi huku, mvua inanyesha pande zote mbili, nilikuwa naisikia kwenye paa lao. Mwishowe akasema, "Nenda kamwangalie mwanangu. Nipigie ukitoka." Akakata.

Jumatano, 3 Aprili

Wamenipa nimrudishe nyumbani. Daktari kanifundisha kumlisha uji wa dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ni bomba dogo kuliko yote niliyowahi kushika. Unaliingiza pembeni mwa mdomo, unasukuma tone, unasubiri ameze, unasukuma tena. Ukiharakisha anapaliwa. Kila baada ya saa tatu.

Nimewaambia wateja wote siko kazini. Mmoja akasema, "Fundi, nyumba yangu imejaa maji!" Nikamwambia afunge koki kubwa ya nje, ampigie fundi mwingine, nikamtajia namba ya mshindani wangu. Akadhani naumwa.

Alhamisi, 4 Aprili

Amemeza nusu, ametema nusu. Mwenzangu kapiga asubuhi na jioni.

Jumamosi, 6 Aprili

Nakaa sakafuni, mgongo ukutani, Bibi Harusi kwenye mapaja juu ya taulo. Hakuna la kufanya kati ya tone na tone ila kumtazama. Sikujua ana doa jeusi kwenye kope ya kushoto. Sikujua kwamba kabla ya kumeza anafumba macho. Kutoka hapa chini nyumba yangu mwenyewe ni ngeni: chini ya meza kuna alama za kucha, karibu na dirisha pana mahali zulia limeisha mduara mdogo, kama mtu alikuwa anasimama pale pale kila siku. Nimekwenda kusimama hapo. Unaona kituo cha basi, na njia ninayorudia mimi jioni.

Nimemwambia mwenzangu jioni kuhusu doa la kwenye kope. Akasema, "Ndiyo. Lile lilitokea alipofika mwaka." Sikumwambia habari ya zulia.

Jumatano, 10 Aprili

Manjano yanapungua masikioni. Daktari leo amenisalimia vizuri. Meneja anakula peke yake jikoni, mlango umefungwa, analalamika.

Mwenzangu amepiga akauliza paka dakika moja, halafu akanisimulia dakika ishirini jinsi mama yake anavyogombana na jogoo wa jirani. Nilicheka. Sikuwa nimesikia habari ndefu kutoka kwake tangu hatujampeleka mwanetu kwa mumewe. Au alikuwa anasimulia, na mimi nilikuwa natafuta spana.

Jumamosi, 13 Aprili

Amekula! Mwenyewe! Asubuhi nilikuwa nimeshika punje mkononi, sikuwa hata nampa yeye, nilikuwa nawaza. Akanyoosha shingo, akaichukua. Ulimi wake mkavu kama msasa. Nikamwekea nyingine. Punje kumi na moja, moja moja, kwenye kiganja.

Nilimpigia mwenzangu, nikashindwa kusema. Akashtuka: "Amekufa?" Nikasema, "Amekula." Tukalia wote wawili kwa ajili ya paka. Sidhani ilikuwa kwa ajili ya paka tu.

Ijumaa, 19 Aprili

Anakula sahani nzima. Namtazama mwanzo mpaka mwisho. Nimerudi kazini nusu siku.

Alhamisi, 25 Aprili

Mwenzangu hajapiga tangu Jumapili. Paka amepona, nadhani ndiyo sababu. Jioni nimekaa kwenye ule mduara wa zulia. Mabasi manne yamepita. Ni ajabu jinsi mtu anavyojinyoosha kila basi likisimama, hata kama anajua hakuna anayemngoja kwenye basi hilo.

Kila tulipozungumza mwezi huu ulimi wangu ulikuwa na swali moja, utarudi lini, utarudi lini. Kila mara nalimeza. Naogopa kwamba atajibu.

Jumatano, 1 Mei

Mvua zimeanza kupungua. Nimeshuka kwa Msusi saa nne asubuhi, sina kazi huko. Nikamwomba nikae kwenye kile kiti. Akanitazama, akaondoa taulo, nikakaa. Nikamuuliza mwenzangu alikuwa anazungumza nini.

Akaendelea kusuka kwanza. "Mambo tu, shemeji. Ndoto alizoota. Kitabu anachosoma. Mwanenu. Alikuwa anasema nyumbani akianza kusema kitu, mwishoni anajikuta anaongea na mgongo wako." Akafunga suko moja. "Hakuwahi kukusema vibaya. Alikuwa anasema una mikono mizuri."

Nikapanda juu. Sikula mchana.

Jumapili, 5 Mei

Leo saa nne asubuhi, jua limetoka kwa mara ya kwanza wiki hii. Meneja alikuwa kwenye bomba la kuzunguka, ameshiba, analipiga kwa mazoea tu. Akaliacha. Bibi Harusi akatoka chumbani. Nilikuwa nimekaa sakafuni na chai yangu, sikumwita, sikusogea. Alikwenda mpaka kwenye bomba, akakaa mbele yake, mkia umezunguka miguu. Akakaa muda ambao chai ilipoa. Halafu akainua ule mguu ulionyolewa, manyoya yake bado mafupi, akaligusa kwa ncha, kama anayemgusa mtu aliyelala. Likazunguka nusu. Punje moja ikadondoka.

Hakuila. Alishangaa. Akaligusa tena.

Simu ilikuwa mfukoni. Nilijua iko mfukoni. Sikuitoa.

Alipomaliza, alikula punje saba, nikampigia mwenzangu. Nikamsimulia yote, jinsi alivyokaa, mkia, jua lilipokuwa limefika kwenye sakafu, jinsi alivyoshangaa. Nilichukua muda mrefu. Mimi si msemaji, niliruka mambo nikarudi nyuma, nikajirekebisha. Yeye alikuwa anasikiliza. Niliposema "basi, ni hivyo tu," akauliza, "Video iko wapi?"

"Sikurekodi. Nilikuwa namtazama."

Nikasikia kuku wao. Na swali likanijia mdomoni, lile lile la siku zote, lakini lilipotoka lilikuwa jingine, hata mimi sikulitegemea.

"Nije?" nikasema.

"Wapi?"

"Huko. Kwenu. Si kukuchukua. Nije tu, nikae."

"Na kazi? Na paka?"

"Kazi zitangoja. Paka nakuja nao."

Kisha akasema, "Chumba ni kimoja tu. Na mama anakoroma."

Nikasema mimi pia nakoroma. Akasema, "Najua."

Jumatatu, 6 Mei

Nimefunga kazi zilizobaki. Nimemwachia Msusi ufunguo. Amesema, "Shemeji, nenda ukakae kitako," akanifungia chapati za njiani.

Jumamosi, 11 Mei

Tulifika jana mchana, baada ya saa sita ndani ya basi, Meneja akiimba njia nzima nami nikiwaomba abiria radhi. Mama mkwe alitupokea getini na fimbo yake. "Mkwe, umekuja na familia," akasema, akacheka mwenyewe.

Mwenzangu alikuwa ukumbini, anafuta mikono kwenye kanga. Nilimtazama. Amepungua, lakini uso umetulia. Ana miwani mipya. Nywele za mbele zimekuwa nyeupe na hakuzipaka rangi. Akasema, "Mbona unaniangalia hivyo?" Nikasema, "Naangalia." Akageuka kuwafungulia paka, lakini nilimwona anatabasamu.

Bibi Harusi alitoka kwenye kikapu cha safari, akamnusa vidole kimoja kimoja, akapanda mapajani kwake na kulala, kana kwamba mwenzangu alikwenda sokoni tu. Mama mkwe akaenda kupumzika. Tukakaa sisi wawili jikoni kwenye viti vya chini, mlango wazi, jua linaingia.

Akaanza kuzungumza. Alianza na mambo madogo, jogoo wa jirani, dawa za mama. Kisha akafika pale alipotaka kufika. Akanisimulia asubuhi ile ya Desemba, kabla ya kuondoka, alivyosimama na begi mlangoni akinitazama mimi niko chini ya sinki, na alichokuwa amepanga kuniambia, kwamba haondoki kwa ajili ya mama tu, na kwa nini hakusema. Anazungumza polepole. Kuna mahali anasimama, anatafuta neno, unaweza kudhani amemaliza, kumbe bado. Sijui ni mara ngapi huko nyuma niliondoka hapo hapo.

Koki ya jikoni ilikuwa inavuja. Niliisikia tangu nimekaa: tone, kimya, tone. Kwa mlio tu nilijua ni mpira wa ndani umeisha, kazi ya dakika tano, na begi la vifaa lilikuwa miguuni pangu. Chini ya koki kulikuwa na bakuli. Likajaa. Maji yakaanza kumwagika pembeni, yakafuata ufa wa sakafu, yakafika karibu na kiatu changu.

Naye akayaona. Akakatiza maneno. "Hiyo koki..."

"Naisikia," nikasema. "Endelea."